Sura ya Kumi na Moja: Mkono wa Celerino

Msimamizi wa shamba la machungwa hakuwa na muda wa kupoteza, na wala hakujisumbua kulificha hilo. Alimjibu Zenaida Ortega palepale kwenye matope, mkono mmoja ukiwa umeshika ngazi. Celerino hakuja kazini Jumatatu ile. Hakupanda ngazi, hakuanguka, hakuumia, hakuonekana kabisa.

"Mpaka nafasi yake nikampa mtu mwingine," akasema. "Kama mnatafuta pa kumtupia huyo mfungwa wenu mzigo, katafuteni shamba jingine, bibie."

Zenaida akamshukuru, akarudi garini na viatu vilivyolemewa na tope. Basi, habari ya ngazi ndiyo imekwisha hivyo. Wiki nzima alikuwa akiibembeleza: mtu kapigwa Jumapili, kaenda kazini Jumatatu akiwa na uchovu wa pombe, kaanguka ngazini, kavunjika, halafu kosa lote kamwangushia aliyempiga jana yake. Ilikuwa hadithi nzuri sana, ila haikuwa kweli.

Wengi wanaodhani upelelezi wa rufaa ni kazi ya maana hawajawahi kuifanya. Mpelelezi wa polisi anafika damu ikiwa mbichi. Wewe wa rufaa unafika wenzako wamekwisha kula, unakomba ukoko. Mtu kafungwa zamani, mashahidi wamehama, waliobaki wamekwisha kukariri uongo wao mpaka wanauamini. Zenaida alikuwa kwenye kazi hiyo mwaka wa kumi na moja sasa, akimfanyia wakili Araxie Bedrosian, na walioachiwa kwa jasho lake angeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vikabaki.

Kesi yenyewe haikuwa na utata wa kuumiza kichwa. Kwenye mashindano ya mpira wa kikapu ya wahamiaji waliotoka Oaxaca, ng'ambo ya mpaka wa kusini, yale yanayofanyika kila mwaka nyuma ya kanisa, Odilón Bautista alimpiga shemeji yake Celerino ngumi moja, wote wawili wakiwa wamelewa. Celerino akaangukia bega kwenye sakafu. Alipofika hospitali alikutwa mfupa wa juu wa mkono wa kulia umevunjika, na ulipounga, uliunga vibaya. Mpaka leo mkono ule haunyanyuki kupita kifua.

Jopo la raia kumi na wawili lilimkuta Odilón na hatia ya kupiga. Kisha likaulizwa swali la pili: je, alimjeruhi mwenzake vibaya, yeye mwenyewe, kwa mkono wake? Likasema ndiyo. Neno hilo moja lilimwongezea miaka mitatu. Mitatu ya ngumi, mitatu ya mfupa, jumla sita, na sasa alikuwa amemaliza karibu miwili.

Mambo mawili tu yalimkwama Zenaida kooni tangu mwanzo. Celerino aliangushwa Jumapili mchana, lakini hospitali alifika Jumatatu jioni. Na daktari aliyetoa ushahidi alisema mfupa ulivunjika kwa kusokotwa, kama mtu anavyokamua nguo. Mwendesha mashtaka alimwuliza kama kuanguka kunaweza kusokota mkono, daktari akasema inawezekana, na wakili wa Odilón wa wakati ule hakuuliza lolote. Huenda alikuwa anafikiria chakula cha mchana.

Alisimamisha gari nje ya nyumba ya Celerino, ukungu wa Januari ukiwa umemeza mizabibu yote ng'ambo ya barabara. Kabla hajashuka alizitoa tena picha za Celerino zilizopigwa hospitali, zilizokuwa kwenye faili la kesi. Mara zote alikuwa akiutazama mkono. Uvimbe, weusi, ngozi inayong'aa. Safari hii akautazama ule mng'ao wenyewe, akajiuliza ni mafuta gani yale. Kisha akatazama pembeni ya picha, kwenye kiti kilichokuwa nyuma ya mgonjwa. Palikuwa na kitambaa kirefu kimetupwa, kipande cha gunia la unga, na mwisho wake kilikuwa na mafundo mawili, moja limefungwa ndani ya jingine.

Fundo hilo alilijua. Aliwahi kulala nalo kifundoni mwa mguu wiki mbili nzima.

"Loo," akasema peke yake, akashuka.

Aliyemfungulia mlango ni Yuridia, binti wa Odilón, msichana wa miaka kumi na minne mwenye uso wa mtu mzima. Tangu baba yake afungwe, yeye na mama yake walikuwa wakiishi hapo kwa mjomba. Celerino alikuwa amekaa mezani, na Yuridia akarudi kumfunga vifungo vya shati alivyokuwa ameviacha nusu. Alivifunga haraka, bila kutazama, akaondoka chumbani.

"Umekuja tena," Celerino akasema.

"Nimekuja tena, Don Celerino."

"Yangu niliyasema yote mbele ya jaji."

"Hukusema Jumapili ile ulipita wapi kabla ya kulala."

"Nilikuja hapa kwangu. Mtu mwenye mke apite wapi?"

Zenaida akaiweka picha mezani, akagusa kile kiti kwa kidole. "Hiki kitambaa ni cha nani?"

"Cha hospitali."

"Hospitali gani inafunga watu kwa gunia la unga?"

Celerino akaitazama picha muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaisukuma kwa mkono wake mzima.

"Wewe una karatasi za kukaa?" akauliza.

"Nimezaliwa hapa."

"Basi huwezi kuelewa, lakini nitakueleza. Serikali hii inampa kibali cha kukaa mtu aliyeumizwa na mhalifu na akasaidia kumfunga. Mimi nimeomba. Jina langu liko kwenye foleni mwaka wa pili huu, na mke wangu nyuma yangu, na watoto nyuma yake." Akautazama mkono wake mbovu. "Mtu aliyeumizwa na mkandaji hapewi kitu."

"Kwa hiyo unakubali kwamba ulienda kwa mkandaji, kwa Don Crisóforo."

"Sijakubali chochote. Nimekueleza habari za karatasi." Akainuka. "Na nikiitwa tena mbele ya jaji, nitasema yaleyale. Odilón alinipiga. Hilo nalo uongo?"

"Si uongo."

"Basi nenda na Mungu, mama."

Yuridia alimsindikiza mpaka garini bila kuombwa. Alikuwa amekunja mikono kifuani kwa baridi.

"Anti, hiyo rufaa inasema baba hakumvunja mjomba mkono?"

"Rufaa inauliza tu."

"Mimi namwosha mjomba nywele. Namkatia nyama. Kila siku namwona." Alisema hivyo bila hasira, ila alikuwa amechoka. "Baba anaandika kila mwezi niende kumwona. Sijamjibu hata mara moja. Nikijua si yeye aliyefanya vile, nitaenda. Mama hatanizuia. Lakini usije ukanidanganya ili nimwonee huruma."

"Sitakudanganya," Zenaida akasema, na alimaanisha.

*

Don Crisóforo aliishi nyuma ya duka la matairi na hakuhitaji kibao mlangoni. Yeyote aliyewahi kuteguka kidole katika bonde lile aliijua njia. Watu wa kwao hospitali si pa kukimbilia kwanza. Kwanza unakwenda kwa mkandaji akunyooshe, akupake, akufunge, na ukiona hujapona ndipo unafikiria makaratasi na maswali ya hospitali. Zenaida alikaa kwenye benchi akasubiri zamu yake kama mgonjwa.

"Panauma wapi?" mzee akauliza.

"Hapaumi popote, Don Crisóforo. Mimi ni Zenaida, mtoto wa Hilaria Ortega."

Mzee akamtazama mguu kabla ya kumtazama uso. "Kifundo cha kushoto," akasema. "Ulinitukana siku ile. Mtoto mdogo hivi, mdomo kama wa dereva wa lori."

"Ulivuta bila kuniambia."

"Ukimwambia mtu, anakaza msuli. Mimi namwuliza habari za mama yake. Akianza kujibu tu, navuta."

"Wanakuzoea, basi."

"Hawanizoei. Walevi ndio wabaya. Mlevi hukaza mwili wote hata ukimwuliza habari za mbinguni."

"Kama Celerino."

"Celerino pombe ya mezcal ilikuwa inamtoka kwenye jasho," mzee akasema, kisha akakisikia alichosema, akafunga mdomo.

Jikoni, mkewe Doña Hermelinda alikuwa akipigapiga unga wa mahindi viganjani. Ule mlio ukakoma.

"Alipigwa na shemeji yake," Don Crisóforo akasema. "Mji mzima unajua."

"Alipigwa, akaanguka, bega likatoka. Akaletwa kwako jioni ile. Hapo tuko pamoja?"

"Bega nililirudisha. Usije ukaandika kwamba sikulirudisha. Nimerudisha mabega ya watu kabla mama yako hajaolewa."

"Naandika lilirudi. Na mfupa?"

Mzee akaanza kukunja taulo. Akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mwambie, mzee," Doña Hermelinda akasema kutoka mlangoni, mikono imejaa unga. "Mimi nilikuwa huku jikoni na nilisikia."

"Wewe nyamaza."

"Nimenyamaza vya kutosha. Mama yake Odilón ananisalimia kanisani kila Jumapili. Ananiuliza habari za miguu yangu, na mtoto wake yuko ndani."

Don Crisóforo akakaa kwenye benchi lake la wagonjwa. Zenaida hakumsukuma.

"Bega lilikuwa limekwisha kuingia," mzee akasema hatimaye. "Nilikuwa nauzungusha mkono taratibu nione kama limekaa sawa. Yeye sijui aliota nini, akakurupuka akajigeuza upande wake, nami nimemshika upande wangu kwa nguvu zangu zote. Ukalia kama kuni. Akazimia. Nikampaka, nikamfunga, nikawaambia waliomleta wampeleke hospitali usiku uleule. Wakaogopa. Wakampeleka kesho yake, na nasikia njiani ndiko walikokubaliana cha kusema."

"Kabla ya hapo mkono ulikuwa mzima?"

"Aliingia hapa ananikunjia ngumi ya mkono huohuo wenye bega lililotoka, kwa sababu nilimwambia ananuka."

Zenaida hakumficha kitu. Alimweleza kwamba mahakama ya rufaa inasoma tu yale yaliyosemwa kwenye kesi, na jambo jipya linaingizwa kwa ombi la pembeni, lenye kiapo cha mtu aliyeona. Mtu huyo anaweza kuitwa na kuhojiwa. Don Crisóforo hana leseni ya kutibu. Hana karatasi za kukaa. Wanaweza kumshtaki, na wakimaliza wanaweza kumpandisha basi la kusini arudishwe kwao.

"Nyumba ya kule ilishaanguka," mzee akasema. "Hata choo hakuna."

"Najua."

"Na huyu miguu yake mibovu."

"Miguu yangu usiitie kwenye maneno yako," mkewe akasema.

Mzee akavuta pumzi. "Andika, mtoto wa Hilaria. Andika sasa hivi, kesho nitakuwa nimepata akili."

Akaandika. Aliandika kila neno, akamsomea, akamsomea mara ya pili, mzee akatia sahihi. Zenaida aliendesha gari kurudi mjini katikati ya ukungu huku furaha imempanda mpaka kooni. Hakukumbuka mara ya mwisho kuwa na kesi iliyokaa sawa hivi. Mfupa wa kusokotwa, siku iliyopotea, mafuta, kitambaa, sasa na mtu aliyeusokota mwenyewe. Odilón hakumvunja Celerino mkono, na sasa kulikuwa na kiapo cha kusema hivyo.

*

Araxie Bedrosian alikuwa na ofisi yake kwenye sebule ya nyumba aliyoachiwa na mama yake, na sahani ya aprikoti zilizokaushwa haikukosekana mezani. Alikisoma kile kiapo akiwa amesimama. Akakisoma tena akiwa amekaa.

"Kazi nzuri," akasema, na uso wake haukuwa uso wa kazi nzuri.

"Kuna nini?"

"Kaa, Zena."

"Nimekaa garini mchana kutwa. Kuna nini?"

"Uliponipigia simu kwamba mzee amesema, nilifurahi. Nikakaa kupiga hesabu tukishinda tutapata nini." Akasukuma sahani pembeni. "Odilón alikuwa na kosa la ujanani. Alivunja nyumba ya watu akiwa na miaka kumi na tisa. Kwa sheria ya jimbo hili, mwenye kosa la aina ile akirudi mahakamani, adhabu yake ya msingi inazidishwa mara mbili."

"Najua. Alilikiri mbele ya jaji."

"Alilikiri, na jaji akalipokea. Halafu siku ya kusoma adhabu, mitatu ya ngumi, mitatu ya mfupa, sita, mpelekeni. Hakuzidisha."

Zenaida akakaa.

"Alimsamehe?"

"Kusamehe kunatakiwa kusemwa, na sababu zake zitajwe. Hakusema kitu. Alisahau, Zena. Mwendesha mashtaka naye alisahau. Na sisi wote tumekuwa tukiutazama mfupa, hakuna aliyeitazama ngumi."

"Basi amepunjwa kwa faida yake. Si heri?"

"Heri, mradi mtu asiliguse faili. Sasa sikiliza. Tukishinda, mitatu ya mfupa inaondoka. Inabaki mitatu ya ngumi. Adhabu inarudi kwa jaji kupangwa upya, na safari hii atazidisha, kwa sababu upande wa serikali utamkumbusha. Mitatu mara mbili."

"Sita."

"Sita. Palepale alipo. Labda watampunguzia miezi kidogo kwa tabia njema, sikatai. Tukishindwa, mfupa unabaki na kuzidisha kunaongezeka. Sita na mitatu."

"Tisa?" Sauti ya Zenaida ilimtoka nyembamba. "Mtu anakata rufaa anaongezewa?"

"Adhabu inayokwenda kinyume cha sheria inasahihishwa wakati wowote, juu au chini. Mahakama haihitaji hata kuombwa."

"Lakini tutashinda. Tuna kiapo."

"Tuna mzee asiye na leseni anayesema bega lilikuwa limeteguka. Watasema bega kuteguka peke yake ni jeraha kubwa. Watasema ukimwangusha mtu, hata akitibiwa vibaya, ni mzigo wako. Celerino atapanda kizimbani aseme hajawahi kumwona mkandaji. Mimi ningeweka dau langu upande wao." Aliitoa miwani akafuta macho, na hayakuwa na kitu cha kufutwa. "Naweza kumwomba jaji alisamehe lile kosa la ujanani. Jaji ni yuleyule. Unakumbuka alivyomwita mbele ya watu."

Zenaida alikumbuka. Alikuwa amemwita mnyama wa kufugwa na serikali.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunaiondoa rufaa, na tunaomba Mungu faili lisifunguliwe. Magereza yana makarani wanaopitia adhabu, wakiona kasoro wanamwandikia jaji. Miaka miwili hii hawajaona. Kila mtu akikaa kimya, huenda wasione. Hiki kiapo sikuwahi kukipata. Hakuna anayeambiwa, si mama yake, si padri, si mtu yeyote. Mji ule ukianza kusema habari za mkandaji, upande wa serikali utasikia na utalivuta faili."

Zenaida alimpigia simu Doña Hermelinda akiwa barazani. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza mara mbili kama ni kweli mzee hahitajiki tena. Alisema alikuwa amekwisha kumfungia begi. Kisha akamshukuru Mungu kwa sauti ndogo, kama anaiba.

*

Odilón aliletwa kwenye chumba cha mawakili akiwa amenyoa. Bedrosian alimweleza hesabu zote taratibu, Zenaida akitafsiri kwa lugha ya nyumbani pale palipokwama. Mfungwa alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Walipofika kwenye habari za mkandaji, akakiinua.

"Rudia hapo," akamwambia Zenaida.

"Mkono ulivunjika kwa Don Crisóforo. Celerino aliingia kwake mkono ukiwa mzima."

"Kwa hiyo si mimi."

"Mkono si wewe."

"Ngumi ni mimi."

"Ngumi ni wewe. Na bega pia, alipoanguka."

Odilón akaitazama mikono yake juu ya meza. Alikuwa mtu mkubwa, na machozi yalimtoka bila yeye kufanya lolote kuyazuia. "Miaka miwili nimekuwa nikiusikia ukivunjika," akasema. "Nikilala nausikia. Kumbe sikuwepo."

Askari aliyekuwa nje ya kioo alipiga miayo.

"Sawa," Odilón akasema. "Sita nitaimaliza. Sitaki tisa. Nipe hiyo karatasi." Akashika kalamu, akaisimamisha. "Ila binti yangu Yuri aambiwe. Huyo mmoja tu. Muwaache wengine waniite wanavyotaka."

Zenaida akamtazama Bedrosian. Wakili akatikisa kichwa kukataa.

"Hawezi kuambiwa, Odilón," Zenaida akasema. "Anaishi nyumba moja na Celerino."

"Yuri ana siri kuliko mimi."

"Ana miaka kumi na minne na anamkatia nyama mjomba wake kila siku. Siku moja watagombana na litamtoka. Celerino atakimbilia kwa mwendesha mashtaka kulinda karatasi zake. Mwendesha mashtaka atavuta faili."

"Na nikikubali hiyo tisa? Nikisema tupigane, Yuri akasikia yote mahakamani?"

"Atasikia," Bedrosian akasema, na Zenaida akatafsiri. "Atamsikia pia Celerino akiapa kwamba ni uongo. Halafu jopo la majaji watatu litaandika kwamba hawajaamini. Utatoka akiwa mwanamke mzima, na bado hatakuwa na hakika."

Odilón alifunga macho, midomo ikicheza kidogo, labda anahesabu, labda anasali.

"Nikitoka nimwambie mwenyewe?"

"Ukitoka, ndiyo."

"Atakuwa kumi na minane."

"Kumi na minane."

Akatia sahihi. Aliuliza kama Zenaida anaweza kumpelekea Yuridia salamu, ndipo akakumbuka kwamba binti yake hapokei salamu zake, akasema basi, achana nayo.

*

Habari ya kuondolewa kwa rufaa ilifika nyumbani kwa Celerino kabla ya Zenaida, kwa sababu mama yake Odilón alilia kanisani na kanisa lile halina siri. Zenaida hakuwa na shughuli pale. Alijiambia anakwenda kuchukua sahihi kwenye nyumba ya jirani, na kwa jirani hakukuwa na sahihi yoyote ya kuchukua.

Yuridia alikuwa anafagia mbele ya mlango. Alipomwona aliuegemeza ufagio ukutani, akafuta viganja kwenye suruali.

"Wanasema baba ameiacha rufaa."

"Ameiacha."

"Kwa nini?"

"Wakili aliona haitamsaidia."

"Mtu ambaye hakufanya hawezi kuacha," Yuridia akasema. "Mimi nisingeacha. Hata wangeniambia nini." Alikuwa ameanza kupaza sauti, akaishusha. "Kwa hiyo ulitafuta, ukakuta ni yeye."

"Yuri, alimpiga mjomba wako. Hilo analikubali."

"Sikukuuliza kupiga. Nakuuliza mkono. Ulisema hutanidanganya."

Ndani ya nyumba Celerino alikohoa. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na Zenaida aliona kivuli chake kimesimama nyuma ya pazia, kinasikiliza. Alikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa fupi, na lingemfikisha msichana huyu gerezani Jumamosi ileile, kwenye kiti kilicho mbele ya baba yake.

"Nani aliuvunja mkono?" Yuridia akauliza tena.

"Ni yeye," Zenaida akasema.

Yuridia akatikisa kichwa taratibu kukubali. Hakulia. Alichukua ufagio wake, akasema alijua tu, alitaka kusikia kwa mtu mzima, akaendelea kufagia pale alipokuwa ameachia.